Kanda Iliyokatwa Mkasi

Duka lilikuwa Malindi mjini, la kuuza na kutengeneza redio, nami nilikaa mbele kupokea wateja. Miaka ya themanini hiyo, na nyumba nyingi zilikuwa na redio ya kaseti. Mimi mashine sikuzijua. Fundi wetu, aliyekaa nyuma ya pazia, aliniita Mwalimu wa Salamu. Nilicheka naye huku uso ukiniwaka, maana kijijini kwetu Ganda mama alikwisha kutangaza kwamba bintiye ni fundi wa redio.

Siku moja mwanamke wa Mambrui alileta redio ya wifi yake, mjane, iliyokuwa imemeza utepe wa kanda. Fundi alifanya kama alivyozoea. Alikata utepe kwa mkasi, akaitupa kanda kwenye debe chini ya meza, akaisafisha mashine ikang'aa. Kisha akatia kanda mpya, tupu, zawadi ya duka. Yule mama akashukuru, akaenda zake.

Hazikupita siku nyingi akarudi. "Wifi anasema haiko kama ilivyokuwa," alituambia. "Nikimuuliza zaidi, analia tu."

"Mashine ile nzima," fundi akasema. "Basi nitakwenda mwenyewe nikaione."

"Huwezi, baba. Yumo edani. Mwanamume hapiti pale."

"Basi ataenda Mwalimu wa Salamu." Akanitwika mkoba wake wa vyombo, ati duka lisidharauliwe.

Njia nzima bisibisi zilikuwa zikigongana mkobani, na kila aliyenitazama nilidhani ameshajua kuwa mimi si fundi. Mlangoni nilivua viatu, nikavificha nyuma ya vya wenyeji kwa sababu kimoja kilikuwa kimekatika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe fundi?"

Nilitamani kusema ndiyo. Alikuwa amekaa mkekani, amevaa nyeupe, na macho yamemvimba. "Hapana, mama," nikasema. "Mimi napokea wateja tu, sijui kutengeneza chochote." Aibu ilinishika hata sikuweza kuinua uso. Nikiwa bado nimeinama, nikamuuliza alikuwa akisikiliza nini.

Swali hilo dukani hatukuwa na desturi ya kuliuliza.

Mumewe alifanya kazi Uarabuni. Kama wengi wa huko, hakuandika barua. Alizungumza kwenye kanda, akampa mtu anayerudi nyumbani. Humo aliwasalimu watu wa nyumba kwa zamu, wazee kwanza, kisha ndugu, kisha watoto.

"Mimi huniweka mwisho," mjane alisema. "Akishawamaliza wote sauti yake hushuka, ndipo anifikie." Ile ilikuwa kanda yake ya mwisho kabla ya kufa. Aliisikiliza peke yake, na kumweleza wifi yake aliona haya.

Nilimwambia habari ya mkasi. Fundi hakuwapo kumtazama usoni, duka halikuwapo, nilikuwapo mimi. Nadhani ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, ila hakuna aliyekuwa ameniambia.

Niliporudi na kumweleza fundi, hakunitania. Tulilipindua debe, tukaipata kanda, akaunga utepe kwa selotepu. "Hapa pameliwa," alisema. "Kidogo tu."

Kesho yake nikaipeleka Mambrui. Mjane akabonyeza, sauti ya mwanamume ikajaa chumbani. Ikamsalimu mama yake, dada yake, watoto mmoja mmoja. Ikashuka. Pakatokea mkwaruzo mfupi, na mara alikuwa akisema joto la huko limezidi, kuna mtu ataleta vitambaa, wassalamu.

Mjane alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Safari hii sauti iliposhuka aliizima mashine, akayasema mwenyewe maneno yaliyopotea, polepole, kwa sauti ndogo. Alikuwa ameyahifadhi yote. Kisha akaiwasha, ikaendelea na habari za joto.

Nilikuwa nimeketi pale na mkoba wa bisibisi mapajani, nimesikia maneno ambayo hayakuwa yangu kusikia. Nilimwomba radhi. Aliniambia nisiende kwanza, chai inakuja.

Dukani fundi aliniuliza kama mashine inafanya kazi. Nikamwambia inafanya.