Choo Kilichoangalia Kamera

Ukishuka Amu, kisiwani Lamu, leo ukauliza kwa Taha fundi wa bomba, utaulizwa nawe: Taha yupi? Taha wa mashua? Taha wa halwa? Lakini sema tu, "Namtafuta Geuza," uone. Utashikwa mkono mpaka mlangoni, na njia nzima utasimuliwa, utake usitake, kwa nini anaitwa hivyo. Ndiyo shida ya majina ya utani ya mji huu, huja na maelezo yake. Vichochoro ni vyembamba, umbea hauna pa kupotelea.

Mamake hana kosa. Yeye alimpa jina la heshima, na mbuzi wa akika akachinjwa. Sasa mama huyo huyo akitaka nazi dukani husimama ngazini akaita, "Geuza! Ndoo!" yaani njoo. Mbuzi alikufa bure.

Turudi nyuma kidogo, Taha alipokuwa bado Taha.

Kazi alikuwa akiijua, asisingiziwe. Bomba la Taha halivuji. Kilichokuwa kikivuja ni domo, na simu. Kila bomba alilofunga lazima watu walione laivu. Ukimwita azibue sinki, anaanza kwa kutafuta mwanga.

Na domo hilo ndilo lililompeleka kwa Madam Edah. Madam Edah ni mwalimu mstaafu, mtu wa bara, alikuja kufundisha huku akiwa msichana na mpaka leo hajaona sababu ya kurudi kwao. Pensheni yake anaijengea gesti kule Kililana, ng'ambo ya maji, vyoo tisa. Vyoo tisa! Kwa fundi wa umri wa Taha hiyo si kazi, hiyo ni kuitwa Bwana. Alikuwa amechoka kubadilisha vifungio vya mabomba ya majirani wanaomlipa kwa mahamri.

Basi akavaa shati la kola akaenda kujinadi.

"Madam, nakwambia ukweli wa Mungu. Fundi wa bara ni mzuri, simtii dosari. Lakini kibla haijui. Na Mwislamu hakai chooni akaelekea kibla, haifai. Sasa atakuwekea vyoo tisa vinatazama Makka, wageni wako watafanyaje? Watavuka maji waje kwetu? Chukua mtoto wa Amu. Sisi kibla tunainyonya na maziwa."

Murithi alikuwa hapo hapo akichanganya saruji. Ni mtu wa Meru, ndiye mjenzi wa kuta za gesti hiyo. Alipiga koleo moja zito, akaendelea.

"Maneno mazuri," Madam Edah akasema, kwa sauti ya mtu aliyesahihisha insha maisha yake yote. "Kuna choo chako naweza kuona?"

"Namalizia kimoja mtaa wa Mkomani, kwa Bi Khairiya. Njoo Alhamisi, Madam. Ukikiona hutataka kutoka."

Bi Khairiya alikuwa akitengeneza upande wa chini wa nyumba yake, nyumba ya kale ya mawe, kwa ajili ya bintiye Hadil anayeolewa. Posa imetoka Pate, kijana anaitwa Wazir. Na kwetu bwana harusi ndiye huhamia kwa mke. Kwa hiyo choo hicho kilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa Wazir angekutana navyo katika maisha yake mapya. Uzito wa kazi umeuona.

Jumatano jioni Taha akatoka kuswali Alasiri. Hili tuliweke wazi, maana mwenyewe husisitiza lisifichwe. Alikuwa ametoka msikitini. Amesimama kuelekea kibla, kwa hiari yake, na udhu juu. Alama ya mkeka bado iko kwenye paji. Akarudi kazini akaweka simu kwenye dirisha dogo la bafu, akawasha laivu.

Bafu la nyumba ya kale ni giza, na mwanga wote ulikuwa ukiingia kwa dirisha hilo. Choo kilipangwa kukaa ubavu. Taha akakiangalia kwenye skrini: tangi, ukuta, kisigino chake. Hakipendezi. Akazungusha kona ya bomba kidogo. Bora. Akazungusha tena mpaka choo kikatazamana na simu uso kwa uso, mwanga ukakimwagikia, kikang'aa kama jino la dhahabu.

"Mnaona mambo?" akawaambia watu wake. Akamimina saruji.

Komenti zikaanza kupanda. Moto, moto, kopa. Halafu Murithi, huyo huyo wa koleo:

"Fundi, hicho choo kinaangalia wapi?"

Taha akacheka. "Kinaangalia kamera, bro!"

"Sawa. Na kamera iko upande gani?"

Kabla hajajibu, Hadil mwenyewe, bi harusi mtarajiwa, akaingia kwa herufi kubwa: "GEUZA."

Taha akadhani wanataka waone ukuta. Akageuza simu.

"GEUZA WEWE!"

Akairudisha ilivyokuwa.

"Geuza choo, Taha. Choo!"

Watu wakaupenda wimbo. Geuza, geuza, geuza, mpaka skrini ikajaa haionekani. Hadil akamalizia: "Nilikupa majibu ya Jiografia darasani na kaskazini bado huijui."

Kwetu kibla iko kaskazini. Taha akanyoosha mkono kutoka chooni mpaka dirishani, polepole, kama mtu anayepima papa. Kisha akauacha mkono uanguke. Alikuwa amempelekea Wazir kibla mpaka chooni.

Akazima simu. Saruji yeye hakuizima. Iliendelea kukauka kwa utulivu wake.

Kilichofuata ni aibu kuliko kosa lenyewe, na Taha leo ndicho hukisimulia kwa raha zaidi. Bi Khairiya alifika, akasimama mlangoni, mkono kiunoni. Mtu mwenye akili angesema, "Bi, nimekosea, navunja." Taha alikuwa na akili lakini siku hiyo alikuwa ameiacha kwa wafuasi.

Kwanza akailaumu nyumba. "Bi, nyumba hizi za kale zimekaa mshazari. Huenda ni ukuta ulioteleza."

"Nyumba hii imekaa papa hapa tangu babu wa babu yangu. Leo ndipo imehama kwa ayili yako?"

Akaingia mtandaoni, akapata kipande cha sheikh mmoja anayesema kuna maulamaa walioruhusu ukiwa ndani ya jengo. Akampa asikilize. Bi Khairiya alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Maneno ya wanazuoni siyabishi. Mwambie huyo sheikh aye akae yeye, choo chake hiki. Mimi mkwe wangu ntamwekea chengine."

Hapo Taha angenyamaza. Hakunyamaza. "Au Bi, tuseme mtu anaweza kukaa upande. Akageuka hivi, miguu huku…" Na akakaa! Akakaa upande juu ya choo hicho, na overoli yake, kumwonyesha.

Bi Khairiya akauondoa mkono kiunoni.

"Mwanangu Taha, mkwe wangu atoke Pate, avuke bahari, aye kwangu akae kama yuwapanda punda?"

Aliporudi nyumbani jina lilikuwa limeshamtangulia. Kwenye kona, mtu mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Geuza punda!" Taha akaitika, "Naam?"

Ndipo Madam Edah akapiga simu. Alhamisi ni kesho, anakuja na Murithi, atakiona choo saa ya chai.

Taha alilala vibaya. Aliwaza kumpeleka kwenye sinki la ghorofani. Aliwaza kupata homa. Aliwaza pazia. Asubuhi alifika kwa Bi Khairiya na nyundo mfukoni akitaka kuvunja mapema, lakini alipokiona, safi, kimekauka, vigae vyake vya buluu vimepangika bila kuyumba, roho ikamwuma. Akakaa kwenye ndoo akakitazama. Akawa bado anakitazama iliposikika hodi.

Madam Edah akaingia, akavaa miwani. Akagusa kigae. Akavuta maji, akasikiliza, akavuta tena. Alichungulia nyuma ya tangi. Taha akasubiri.

"Kizuri," akasema. "Taha, kizuri kweli. Yaani hivi hivi. Nataka tisa kama hiki."

Taha akaelewa. Madam hakuona laivu. Madam ni Mkristo, kwake choo kikitazama dirisha kimetazama dirisha. Hajui. Kazi ameipata.

Akamwangalia Murithi. Murithi alikuwa akikagua boriti za dari kwa makini ambayo boriti hazijawahi kupewa na mtu. Nyuma yake Bi Khairiya amesimama mlangoni na sinia ya chai. Mji mzima unajua na hakuna hata mmoja anayesema. Walikuwa wamemwachia yeye.

Na wazo likamjia, tusimfanye malaika. Aseme asante. Kazi ikishakuwa mkononi, kule Kililana ataviweka sawasawa, vyote tisa, na kama Madam akiuliza mbona si kama kile, atatafuta jambo. Mdomo ulishafunguka kusema asante.

Kilichotoka ni, "Madam, hiki kibaya."

"Kibaya vipi? Mimi naona kizuri."

"Kinatazama kibla."

Madam Edah akavua miwani. Akalitazama dirisha, akakitazama choo, akamtazama Taha. Akamwuliza taratibu, kama anavyoulizwa mtoto wa darasa la tatu aliyeshikwa na chaki mfukoni:

"Si uliniambia ni mafundi wa bara ndio hufanya hivyo?"

"Nilisema, Madam."

"Kwa hivyo wewe ni wa bara gani?"

Murithi akashuka kutoka kwenye boriti zake. "Karibu Meru, fundi. Kuna baridi, lakini utazoea."

Bi Khairiya alicheka mpaka akaweka sinia chini. Madam Edah akacheka akashika ukuta. Taha naye akajikuta anacheka, kile kicheko cha mtu ambaye hana tena cha kuficha, akatoa nyundo mfukoni.

"Ngoja," Bi Khairiya akasema. "Simu iko wapi? Laivu ya kuharibu uliirusha kwa watu. Ya kutengeneza waificha?"

Akawasha. Waliingia watu ambao hajawahi kuwaona, watu wa Ndau, watu wa Mombasa, watu walio Uarabuni kazini. Taha akawapa salamu. "Leo hakuna mbwembwe. Jana nilikuwa naangalia simu badala ya kuangalia kazi. Navunja." Na akavunja. Alianza na vigae vyake vya buluu, kimoja kimoja, na Murithi akamshikia choo kisipasuke, na jasho likawatoka wote wawili. Choo kikang'oka kizima, alhamdulillahi. Akakinyanyua, akakizungusha, akakiweka chini kwa ushindi.

Kisha Hadil, herufi kubwa:

"GEUZA TENA."

Maana alikuwa amekizungusha nusu mzunguko mzima. Sasa kilikuwa kimeipa kibla mgongo, na mgongo nao haufai, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Hapo ndipo jina liliposhika. Siku ya kwanza huenda watu wangesahau. Lakini mtu ageuzwe mara mbili kwa choo kimoja?

Murithi akatoa simu yake, akafungua dira, akachora mshale wa chaki sakafuni. "Hapa kibla," akasema. "Hapa wewe. Katikati usiweke kitu."

Kikakaa ubavu, kama kilivyopangwa tangu mwanzo. Vigae vya buluu vilivyovunjika havikupatikana tena Amu nzima, ikabidi atie vyeupe, na mpaka leo sakafu ya Hadil ina kiraka chenye umbo la kosa la Taha. Wazir, wanasema, hukikanyaga kwa heshima.

Madam Edah alikunywa chai yake, akaosha kikombe, akamwita Taha pembeni.

"Vyoo tisa sikupi."

"Sawa, Madam."

"Utaanza na kimoja. Cha askari wa getini. Simu itakaa mfukoni mwa Murithi. Nikiridhika, tutaendelea."

Sasa yuko Kililana. Cha askari kimepita, na askari ni Mgiriama, Mwislamu, amekikagua mwenyewe kwa dira ya Murithi. Kila asubuhi Murithi huchora mshale kwanza ndipo Taha afungue sanduku la vyombo, na kila asubuhi humwuliza, "Mtoto wa Amu, umenyonya leo?" Taha anameza. Kwenye overoli yake ameandikisha kwa uzi mwekundu, mgongoni: GEUZA, FUNDI WA BOMBA. Alisema kama watu watalitumia jina bure, angalau na namba ya simu iwe chini yake.

Haya, na wewe? Usijifanye huna. Wewe uliyeshona kanzu mikono yote miwili ya kushoto. Wewe uliyepiga picha harusi nzima na kifuniko cha lenzi juu. Andika hapa chini, ueleze ulichoharibu, uliyemlaumu kwanza, na wakakuita nani. Na tafadhali usianze na "kuna rafiki yangu". Taha anasoma zote wakati wa chai, Murithi akimrudishia simu, na anaomba sana, kwa unyenyekevu, apatikane hata mmoja aliyefanya vibaya kumshinda yeye.