“Ee” ya Dirishani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya Kicukiro, hapa Kigali. Mbele yangu mzee mmoja alifika dirishani kuandikisha kifo cha mkewe. Karani, mama wa makamo, alikuwa na kalamu tayari.

“Madamu, mke wangu alikuwa iko mgonjwa…”

“Ee,” akasema karani, akaweka kalamu chini.

“Tulimupeleka hospitali Jumanne.”

“Ee.” Safari hii polepole, kama mtu anayemvutia mgeni kiti.

Mzee akagusa kola yake iliyokunjamana. “Hii shati nimepiga pasi mimi mwenyewe.”

“Eeee.” Hiyo ilikuwa ndefu, na pole zote ninazozijua zilikuwemo ndani yake.

Mzee akafuta macho, akatoa kitambulisho bila kuombwa. Ndipo karani aliposhika kalamu. Foleni nzima, hakuna aliyeguna.

Miaka yote niliyokaa Kigali nilidhani “ee” ni ndiyo tu. Kumbe hapa kwa “ee” anayesimulia haachwi peke yake.

Jioni mke wangu akaanza kunisimulia siku yake. Nikaweka simu mezani, nikamtazama, nikasema, “Ee.”

Akanishika paji la uso. “Baba watoto, unaumwa?”