Kosa Lililomwokoa Mukarram

Mukarram hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka aliyokaa kwenye kiwanda cha hariri pale mjini Margilan, kelele za mitambo zilimla masikio, akazoea kusema kwa sauti ya juu. Na hasira zake nazo zikawa za sauti ya juu. Sataranji alijifunza hukohuko kiwandani, saa ya chakula, wenzake wakimega mikate huku yeye akiwafunga mafundi mmoja baada ya mwingine. Alipostaafu hakuacha. Kila mwaka aliingia mashindano ya mji, na kila mwaka alikuta vijana waliofundishwa na kompyuta.

"Hawafikiri hao," alimwambia mumewe. "Wanakariri kama kasuku."

Mwaka ule alipangiwa Doniyor, mwanachuo kutoka mji jirani wa Fergana aliyetabiriwa ubingwa. Kijana alicheza ameegemea kiti kama mtu anayesubiri kinyozi. Mara Mukarram akaiachia ngome yake iliwe, bure kabisa. Doniyor akacheka, akaila. Hatua chache baadaye cheko lilimkauka mdomoni: mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia.

Badala ya kutoa mkono, alisimama. "Mwamuzi! Huyu mama ana kitu sikioni!"

"Ni kifaa cha kusikia," Mukarram akasema. "Bila hiki nisingeusikia upuuzi wako."

"Hakuna mtu anayetoa ngome namna ile. Ile ni akili ya kompyuta. Kuna anayemnong'oneza!"

Mwamuzi, Yuldosh-aka, yaani kaka Yuldosh, alimjua Mukarram tangu enzi za kiwanda. Hata hivyo alinyoosha kiganja. "Dada yangu, tuvumiliane. Kivue tukikague."

Alikivua, na dunia ikanyamaza. Karani wa kike akamwingiza nyuma ya pazia, akamfungua kitambaa cha kichwa, akampapasa nywele, shingo na mikunjo ya gauni. Mukarram alisimama wima, meno yameumana. Alipotoka aliona midomo ya watu ikicheza bila sauti, na baadhi yao wakitabasamu.

Wakati huo Yuldosh-aka alikuwa akiupitisha mchezo wote kwenye kompyuta, hatua kwa hatua. Mwishowe akaja amechangamka, akamrudishia kifaa chake, naye akakivaa.

"Uko safi, dada! Ile ngome ulipatia. Lakini baadaye ulisogeza farasi, kumbe ungeweza kummaliza palepale kwa malkia. Hukuona. Mashine isingekosea vile!"

Watu wakacheka, roho zimewatulia. Mukarram hakucheka.

"Kwa hiyo ningeona, ningekuwa mwizi?"

Yuldosh-aka akaanza kukusanya karatasi zake.

"Nijibu! Nikikosea ni mtu, nikipatia ni mashine? Sisi akili yetu ni ya kukosea tu?" Akamgeukia Doniyor. "Na wewe rudi ukae. Kifaa kitakaa mfukoni mwa mwamuzi. Tucheze tena."

"Nina basi la kuwahi, mama."

"Lako si basi, lako ni woga!"

Doniyor alichukua koti lake akaondoka. Hakuomba radhi, na hakuna aliyemtaka aombe.

Mchezo wa mwisho Mukarram alicheza na daktari wa meno aliyekuwa akimfunga kila mwaka. Safari hii kila alipoutazama ubao aliona vidole vya yule karani nyweleni mwake. Akapoteza malkia kizembe, akafungwa.

Kesho yake Yuldosh-aka alibisha hodi akiwa na mikate ya moto na halua. Mukarram akamkaribisha, maana mgeni hafukuzwi mlangoni. Akamkalisha, akashika birika. Sasa, kwao mgeni anayependwa humiminiwa chai kidogo tu kwenye bakuli la kunywea, ili aongezwe tena na tena, mazungumzo yasikatike. Mukarram alimimina mpaka bakuli likafurika, chai ikatiririka mezani.

Yuldosh-aka aliitazama, naye hakuhitaji kuambiwa. Akainywa ikiwa bado inaunguza, akavaa kofia yake, akaenda zake.