Kikombe cha Maili cha Desmond Pettifer

Gari la Desmond Pettifer lilikuwa la michezo, la mwaka 1966, viti viwili, rangi ya kijani kilichokolea, na kwa miaka kumi na tisa lilikuwa limelala gerejini kwake mjini Ludlow chini ya mashuka matatu. Shuka la ndani kabisa lilikuwa la zawadi ya harusi, na Hilary mkewe alikuwa bado hajamsamehe kwa hilo. Usidhani gari lilikuwa bovu. Lilipona tangu mwaka wa pili, likawa linawaka kwa mguso mmoja. Mgonjwa alikuwa Desmond. Aliogopa kokoto, aliogopa kondoo wa barabarani, aliogopa matrekta, na kila alipojiandaa kulitoa aliona nati moja inayohitaji kukazwa kwanza. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza ofisini akipanga ratiba za mabasi ya shule, yaani safari za watu wengine, na mwenyewe alikiri kwamba hiyo ndiyo safari pekee aliyoiweza.

Ahadi, hata hivyo, aliitoa siku ileile gari lilipofika likiwa juu ya trela. Alimwambia Hilary, "Nitakupeleka Barmouth na hili, tukaione bahari." Barmouth ndiko walikokula fungate. Hilary alijibu, "Haya, nakwenda kutafuta kofia." Kofia ilipatikana jioni hiyohiyo.

Mwezi wa tano mwaka huu daktari wa macho akamwambia Hilary kwamba ugonjwa wake unakula katikati ya picha na kuacha pembeni tu, na kwamba majani yatakapoanza kupukutika huenda asiweze tena kuuona uso wa mtu aliye mbele yake. Alirudi nyumbani, akaiweka leseni yake ya udereva kwenye bahasha ya kuirudisha serikalini, akailamba, akaifunga.

"Des," alisema, "ile Barmouth."

"Wiki ijayo," alisema Desmond, na safari hii alimaanisha.

Bima ndiyo iliyomvua nguo. Gari dogo la kila siku, walilopanda wote wawili, lilikuwa na bima kwa jina la Hilary. Desmond aliandikwa chini yake tu, kama mtoto kwenye pasi ya mama. Leseni ya Hilary ilipokwenda, bima ikaenda nayo. Desmond akapiga simu kwenye kampuni ya kwanza kifua mbele, akiwa na miaka sitini na tisa na nywele nyeupe za kuaminika.

"Una miaka mingapi ya bima bila kudai fidia, Bwana Pettifer?"

"Sina hata mmoja."

"Pole. Uligonga nini?"

"Sijagonga kitu. Sijawahi kuwa na bima yangu mwenyewe."

Upande wa pili wa simu ikasomwa bei: pauni elfu moja, mia tisa na arobaini kwa mwaka. Kwa macho yao alikuwa kijana aliyepata leseni jana na kununua gari la kutafutia wasichana. Desmond alikaa kwenye ngazi na kucheka mpaka machozi yakamtoka, maana hata alipokuwa kijana hakuwa na gari la namna hiyo wala wasichana.

Ilibaki bima nafuu ya klabu. Desmond alikuwa mwanachama wa klabu ya wenye magari ya kale, na wanachama walikuwa na mpango wao: pauni mia na ishirini na sita tu, mradi gari lilale gerejini, lisizidi maili elfu moja na mia tano kwa mwaka, na mwenyewe awe mtu wa kutegemewa. Alipiga simu. Kwenye kampuni ya bima hiyo akapokea binti wa Kiwelisi aitwaye Cerys, sauti tamu kama chai ya saa kumi. Wakaenda vizuri. Gereji? Ipo. Kufuli? Mawili. Na serikali inajua nini kuhusu gari? Desmond akasoma barua yake: gari limeandikishwa kuwa haliendi barabarani, miaka kumi na tisa mfululizo.

"Ngoja kidogo," alisema Cerys. "Pettifer, Pettifer... Klabu hutuletea jarida lao. Si wewe uliyechukua Kikombe cha Maili? Mara tatu? Mwaka mmoja umeandika maili elfu sita na mia mbili!"

Desmond alihisi masikio yanachemka.

Kikombe hicho hupewa mwanachama aliyeendesha zaidi kuliko wenzake. Kila mtu huandika maili zake kwenye karatasi mwisho wa mwaka, na hakuna anayekagua. Kumwambia mwenzako afungue mlango uone kipima maili chake ni utovu wa adabu ambao watu wale hawawezi kuufikiria. Mwaka wa kwanza Desmond aliandika mia tatu, kwa aibu ya kuandika sifuri. Hakuna aliyeshtuka. Basi akanogewa. Kwenye mikutano alifika na gari la Hilary na kusema lile la kale ameliacha kwa kuwa mvua inanukia, na huko kwao Shropshire hakuna anayebishana na mvua.

"Sasa, mzee wangu," alisema Cerys polepole, "ama umeendesha miaka yote hiyo bila bima, na hapo siwezi kukugusa hata kwa fimbo. Ama..."

"Ama?"

"Ama umewadanganya wenzako. Hilo halituhusu. Ila nahitaji barua ya katibu wa klabu inayosema hivyo."

Katibu wa klabu alikuwa Enid Bufton, mjane wa miaka sabini na minane, ambaye katika miaka hiyo yote mitatu alishika nafasi ya pili.

Desmond alimkuta Jumanne ya mkutano, kwenye baa wanayokutania, akipanga karatasi karibu na ubao wa vishale. Alimweleza yote kwa pumzi moja, macho yakiwa kwenye zulia. Enid alivua miwani.

"Mwaka ule wa pili," alisema, "nilikwenda mpaka ncha ya Scotland na nyonga mbovu hii. Peke yangu, paa likivuja. Unajua kwa nini? Kwa sababu ulijitapa hapahapa kwamba umeshafika elfu tano."

"Najua. Samahani, Enid."

"Nililala ndani ya gari kule Perth, mpumbavu wewe!"

"Mimi wiki ile nilikuwa nasugua taa."

Desmond alimwambia kuhusu macho ya Hilary, na kuhusu kofia. Yule mama akarudisha miwani puani.

"Barua nitakuandikia. Lakini kwanza utasimama pale mbele uwaambie mwenyewe. Na kikombe kesho asubuhi kiwe mlangoni kwangu, kimeng'arishwa."

Basi alisimama. Watu ishirini na mbili, kila mmoja na bilauri yake, wakamtazama. Aliwaambia kwamba tangu anunue gari lile ameliendesha kutoka getini mpaka gerejini, hatua arobaini, na kwamba hata hizo alisimama katikati kupumzika. Mtu mmoja akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaacha.

"Na yule kondoo dume?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyuma. "Aliyekupiga pembe kule Bala?"

"Hakukuwa na kondoo," alisema Desmond.

Ukumbi ukaguna. Maili wangeweza kuzisamehe, lakini kondoo yule walimpenda.

"Nimewasimulia wajukuu zangu," alisema yule mzee kwa uchungu. "Wamemchora shuleni."

Hapo ndipo mtu alipoangua kicheko, na mwingine, mpaka baa nzima ikawa inapiga meza, na Desmond katikati yao, mwekundu kama nyanya, akicheka kuliko wote. Enid aliandika barua palepale. Ilisema kwamba Bwana Pettifer hajawahi kuendesha gari lake hata maili moja, kwamba maneno yake kuhusu kondoo yasitiliwe maanani, na kwamba klabu haina mwanachama ambaye gari lake liko salama zaidi.

Lakini karatasi zina mwendo wake. Klabu ilibidi ilithamini gari, kampuni ikataka picha, ikazikataa, ikataka nyingine. Bima ilifika katikati ya Agosti. Ugonjwa haukuwa na subira hiyo. Asubuhi ya safari Hilary alimpita Desmond barazani akaanza kuliamkia koti lililotundikwa ukutani, na Desmond akaingia chooni, akafungua maji, akalia. Miaka kumi na tisa alikuwa nayo mkononi. Alikuwa ameitumia kukaza nati.

Waliendesha maili themanini na moja. Alitetemeka mpaka Newtown, akaimba baada ya Dolgellau. Hilary alivaa kofia yake, uso kautoa kwenye upepo, akawa anageuza kichwa pembeni ili ashike vipande vya milima. Walipofika Barmouth Desmond alisimamisha gari mbele ya maji na kuzima injini. Hilary alitazama mbele, akatikisa kichwa.

"Katikati hakuna kitu," alisema. "Nielezee wewe."

Desmond akavuta pumzi.

"Des. Usiongeze hata maili moja."

Akatazama. Alitamani sana kumpa bahari ya buluu.

"Maji yamekupwa," alisema. "Ni matope, na tope lenyewe ni la kijivu. Kuna bwana mmoja suruali imemlowa mpaka magotini, anamwita mbwa, mbwa hataki. Duka la aiskrimu limefungwa. Na mvua inakuja."

Hilary aliupapasa mkono wake mpaka akaupata, akaushika.

"Naiona," alisema.