Gauni la Matambara

Nilipokuwa mtoto, kabla meno ya kwanza hayajang'oka, nilivaa gauni, ingawa nilizaliwa mvulana. Bibi yangu alilishona kwa mkono. Vitambaa aliviomba kwa majirani zetu wa Adungosi, nyumba baada ya nyumba: kipande cha pazia hapa, ukosi wa shati pale, pindo la leso kuukuu. Kaka zangu walionitangulia walikufa wote wakiwa wachanga, na Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi huyo mzaa baba, alisema kifo kilikuwa kimeizoea nyumba yetu. Kilijua mlango. Nilipozaliwa, alinilaza kwenye lundo la taka nyuma ya jikoni, jirani akaniokota na kunirudisha ndani kama kitu kilichotupwa na wenyewe. Nikaitwa Makokha, jina la lundo hilo. Gauni lilikuwa la kukamilisha kazi. Anayemtafuta mvulana wa nyumba ile angekuta msichana aliyevaa matambara ya watu wengine, aende zake.

Mimi sikuona ajabu. Kwetu kila mtu alijua sababu, na watoto wenzangu walinizoea kama unavyomzoea mtu mwenye kovu. Kukhu alinifundisha jambo moja zaidi. Mgeni akiniuliza mimi ni wa nani, nijibu, "Mimi si wa mtu. Niliokotwa."

Siku moja mama alikwenda Malaba, mji wa mpakani, kununua simsim kwa wanawake wa upande wa Uganda, akanichukua. Alivaa nguo yake ya kanisani, maana alikuwa anakwenda mjini. Tulipokuwa tunapita kando ya foleni ya malori nikabanwa na mkojo. Mama akanionyesha gurudumu moja, nami nikainua gauni, nikasimama kama wavulana wanavyosimama. Taniboi, msaidizi wa dereva, aliyekuwa amejilaza kivulini chini ya trela akaniona.

"Mama," akaita, "huyu si ni kijana? Mbona umemvalisha gauni?"

Aliuliza kwa kucheka. Mama angecheka naye, tungeondoka. Lakini mama aliinamisha kichwa, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawavuta watu. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi alikuja akashika gauni langu kwa ncha za vidole.

"Hii ndio ile wanafanya," akasema. "Wanaiba mtoto, wanamfanya msichana, wanavuka naye."

"Ni wangu," mama akasema.

"Wako aje? Wewe umevaa vizuri hivi, mtoto amevaa takataka?"

Mzee mmoja akachuchumaa mbele yangu. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Kijana, wewe ni wa nani?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa.

Kelele zile sijazisahau. Mtu mmoja alimkamata mama mkono, mwingine akasema askari waitwe, na mwenye ndizi akanivuta upande wake kama mtu anayeokoa mtoto kwenye moto. Namkumbuka mama akijaribu kueleza, na jinsi kila neno lake lilivyozidi kuwa baya: kaka zangu waliokufa, lundo la taka, bibi. Aliyetuokoa ni mwendesha boda boda wa kwetu, enzi hizo zikiwa bado baiskeli, aliyesukuma yake katikati ya watu akisema anamjua mama, anaijua nyumba, anajua hata kwa nini nimevaa vile. Watu walitawanyika polepole. Hakuna aliyeomba radhi.

Mama hakununua simsim. Alikwenda moja kwa moja kwenye mitumba, akachagua shati jeupe na kaptura, akanivua gauni palepale na kulisokomeza ndani ya kikapu.

"Nimechoka kutazamwa," alisema. Sidhani alikuwa anasema nami.

Jamaa yule wa boda boda alitubeba kwa baiskeli mpaka sokoni Adungosi. Mama alisimama kumshukuru, nami nikabaki pembeni nikijikagua, nikitia mikono katika mifuko ya kaptura na kuitoa. Sikuwahi kuwa na mifuko. Ndipo mwanamke akanijia. Alivaa gomesi nyeupe, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda na wa kwetu, mabega yamesimama, mshipi umefungwa sawasawa. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na vumbi jekundu lilikuwa limetupaka sote hadi magotini. Lakini gomesi ile, iliyoburuzwa chini, ilikuwa safi mpaka pindoni.

Aliinama akanitazama usoni kwa muda.

"Kumbe uko hapa," akasema. "Nimekutafuta sana. Umependeza."

Akanigusa shavu. Mkono ulikuwa wa baridi, kama wa mtu aliyetoka kufua. Niligeuka kumwita mama, na nilipotazama tena sikumwona.

Jioni homa ikanishika. Kukhu aliliona shati lakini hakugombana na mtu. Aliniuliza tu ni nani aliyenisemesha njiani, nikamweleza.

"Pindo lake lilikuwa na vumbi?"

"Hapana, Kukhu."

Akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Baba alileta dawa kutoka Chakol, lakini homa haikushuka. Kulipokucha Kukhu alinivalisha gauni, akalitia shati motoni, akanilaza kwenye mkeka uani. Jua lilikuwa kali na mimi nilitetemeka. Mchana nikasikia hodi.

Alikuwa yeye, na gomesi ile ile.

"Mama, naomba maji ya kunywa," akamwambia Kukhu. "Tena kuna kijana wa shati nyeupe nilimwona sokoni. Nimeambiwa ni wa hapa."

Kukhu hakusema karibu. Sikuwahi kumsikia akimnyima mgeni neno hilo.

"Kijana hatuna," akasema. "Yuko huyu msichana tu, na huyu pia si wetu. Tulimwokota."

Mwanamke akanitazama. Niliyahisi macho yake yakipita kwenye matambara, moja baada ya jingine, yakikaribia uso wangu. Nikafumba yangu. Nilipoyafumbua, mama alikuwa mlangoni pa jikoni na kikombe cha maji, na mkono wa Kukhu ulikuwa umenyooka kumzuia.

"Siye," mwanamke akasema. Hakukasirika. "Huyu siye."

Akaondoka. Muda si mrefu baba akaingia kwa njia hiyo hiyo, akasema hakupishana na mtu. Jioni homa ilishuka, nikaomba ugali.

Tulipomzika Kukhu, miaka mingi baadaye, mama aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia bibi. Alikwenda kuuliza sokoni kwa siri. Wakamwambia kuna mwanamke wa ng'ambo ya mpaka aliyegongewa mtoto na lori, na tangu hapo hutembea masoko ya pande zote mbili akimtafuta, amevaa gomesi aliyoivaa siku ya kumzika, ambayo huifua kila siku. Mama hakuwa na hakika kama ndiye.

"Lakini nilikuwa na maji mkononi," akaniambia. "Hilo tu ndilo linanisumbua."

Simlaumu Kukhu. Alikuwa amezika wajukuu wa kutosha, na mimi niko hai. Hata hivyo huwa nafikiri kwamba watu wa Malaba walitazama nguo zetu wakaona mwizi wa watoto, na sisi, siku iliyofuata, tukatazama nguo za mwanamke mwingine tukaona kifo. Huenda tulikosea kama wao. Huenda hatukukosea. Vumbi la Adungosi nalijua, na sijui ni kufua kwa namna gani kunakoweza kulishinda.

Sasa nafanya kazi Malaba, na mara nyingine namchukua mwanangu tukapite sokoni. Anapenda kuvaa vizuri, na wapo wageni wanaosimama kumsifu. Wakiniamkia naitika, na anayeomba maji nampa. Lakini mkono wa mtoto siuachi mpaka wawe wamekwenda.