Mkono wa Kulia wa Mama

Mama alivunjika mkono wiki ya mwisho ya Ramadhani, dukani kwangu Kariakoo, alipokuja kunisaidia. Nauza nguo za watoto, na siku zile wateja wanagombea magauni kama yanagawiwa bure. Alipanda stuli ateremshe boksi la viatu, stuli ikateleza, akaangukia mkono wa kulia. Mlio wa mfupa niliusikia. Wateja nao waliusikia. Wakageuka kutazama, kisha wakaendelea kupatana bei.

Hospitali walimpiga picha, wakamfunga hogo, lile plasta gumu jeupe, kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Daktari alipokuwa akinawa aliniambia mimi, si Mama: "Dada, viangalie vidole vyake. Vikivimba, vikiwa vya baridi, au akisema anasikia ganzi, mrudishe saa hiyohiyo. Usingoje kesho."

"Sawa, daktari," nikajibu, macho kwenye simu. Jirani niliyemwachia duka alikuwa ananiuliza bei.

Asubuhi yake, nyumbani Magomeni, Mama alininyooshea vidole. Vilikuwa vimejaa, ngozi imevutika mpaka inang'aa.

"Mwanangu, hili dude linanibana."

"Mfupa unaunga, Mama. Lazima uume."

"Siyo mfupa. Linabana. Na hivi vidole sivisikii."

Nilimsikia vizuri kabisa, na maneno ya daktari niliyakumbuka. Lakini Idi ilikuwa keshokutwa, na kumrudisha hospitali kulikuwa na maana ya kushinda siku nzima kwenye benchi huku duka limefungwa. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwekea mto chini ya mkono.

"Vumilia, Mama. Tangu lini wewe ukawa mtu wa kudeka?"

Hakulalamika tena. Siku ile, na iliyofuata, na ya Idi yenyewe, kila nilipomuuliza alisema hajambo, nami nikajifanya nimeamini.

Nilimrudisha siku ya pili ya Idi, aliposhindwa hata kukaa. Sista aliyemgusa vidole alitoka mbio kumwita daktari. Walilikata hogo kwa mashine. Ndani yake ngozi ilikuwa imefanya malengelenge, mengine meusi, na harufu ilinifanya nirudi nyuma hatua moja. Mama aliiona hatua hiyo.

"Ganzi imeanza lini?" daktari aliuliza.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Leo asubuhi, baba. Leo leo."

Daktari hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

Walimpasua mara mbili. Mfupa uliunga, tena umenyooka vizuri kwenye picha. Ila misuli ilikuwa imekosa damu siku nyingi, ikafa, na vidole vikajikunja ndani ya kiganja visifunguke tena. Ndugu walipokuja kumtazama, Mama aliwaambia hospitali walikaza mno hogo. Wajomba wakawalaani madaktari, wakasema siku hizi hakuna kazi inayofanywa kwa moyo. Mimi nilikuwa nawamiminia chai. Mpaka leo wanaamini hivyo, na mpaka leo sijawasahihisha.

Siku moja nilikuwa namfunga kanga kifuani, maana peke yake hawezi.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Daktari aliniambia. Nilijua."

"Najua ulijua," akajibu. "Kaza hapo, inalegea."

Basi. Sikuthubutu kuuliza kama huo ndio msamaha.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya ukoo. Wanawake tukakaa mkekani, sinia moja watu watano, pilau inatoka moshi. Mtu akapitisha maji ya kunawa. Yalipomfikia Mama, aliuvuta mkono wa kulia ndani ya kanga. Wa kushoto hautii kwenye sinia mbele za watu, hajawahi na hatawahi.

"Kuleni tu," akasema. "Mimi leo nimefunga."

"Mashaallah, shangazi," akasema mmoja wao. "Mungu akutakabalie."

Asubuhi ile tulikuwa tumekunywa chai sote wawili. Nilimkatia chapati vipande vidogo, akavila kwa mkono wa kushoto, ameupa mlango mgongo.

Mtungi wa maji ukanifikia. Nikanawa, nikala na wenzangu, na Mama akakaa pembeni yangu akitabasamu na watu mpaka sinia likaisha.