Keki ya Pampasi Iliyokaa Juu ya Kabati

Jumamosi, saa nne asubuhi, Shondra Mabry anashuka ngazi za kuingilia ukumbi wa chini wa kanisa, mjini Selma, amekumbatia keki isiyolika. Ni pampasi zilizoviringishwa, zikapangwa ghorofa tatu na kufungwa utepe wa njano.

Huku mimba ya kwanza haipiti bila mama mtarajiwa kutunzwa keki hiyo. Hii aliifunga marehemu mama yake, Verlene, wiki moja kabla ya moyo kumsimama. Mjukuu hakumwona, masikini.

"Kila nikishika utepe, mikono inakataa," anasema Shondra. "Nikawa najiambia, bado mapema. Kumbe mtoto hangoji."

Mtoto huyo, Deion, sasa ana miezi kumi na sita. Pampasi za keki hazimpiti hata mapajani.

Shondra hukata mabawa kwenye kiwanda cha kuku, na pakiti moja ya pampasi humlia ujira wa saa mbili. Kadi ya msaada wa chakula hainunui pampasi. Alipozaliwa Deion hali ilikuwa hiyohiyo. Kuna siku Shondra alianika pampasi iliyolowa akamvalisha tena, mtoto akachubuka vibaya.

"Na keki iko pale juu ya kabati," anasema. "Nilimnyima mwanangu kwa kumlilia mama yangu."

Shida ya leo ni Jumatatu. Kituo cha kulelea watoto hakimpokei mtoto asiyekuja na pampasi zake. Wiki jana Shondra alikosa zamu mbili, na msimamizi amemwambia akikosa tena asirudi.

Kanisani hugawa bure, ila za watoto wakubwa huwahi kuisha, maana watoaji huwaza vichanga tu. Bi Ernestine Goode, msimamizi wa ugawaji, anampatia pakiti ya mwisho ya saizi ya Deion. Keki, ambayo Shondra ameileta wagawiwe wengine, anaikataa.

"Rudi nayo, binti yangu. Hiyo ni kazi ya mikono ya Verlene."

Shondra haondoki. Kwenye benchi ameketi binti mdogo na kichanga kilichofungwa taulo la jikoni badala ya pampasi. Shondra anakaa kando yake, anavuta utepe, na ghorofa ya juu inabomoka mapajani mwake; anamsogezea binti pampasi zote. Analia bila kujificha.

Jumatatu Shondra atakuwa kazini. Jumamosi asizo na zamu anataka kuja kumsaidia Bi Ernestine kupanga mizigo.

Binti anashukuru, anaanza kuzitia mkobani moja moja, taratibu, asizikunje. Shondra anamshika mkono.

"Mvalishe sasa hivi, mdogo wangu," anasema. "Usije ukaziona nzuri, ukaziweka."